Brashi za Mama Mkwe

Mama mkwe alimkabidhi Baba Pacha mfuko wa brashi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kichanga, na Baba Pacha akajua hapo hapo kwamba siku imeshaharibika.

"Nimekuchagulia mwenyewe," mama mkwe alisema. "Nimekaa dukani tangu wanafungua. Muuzaji kachoka, mimi sijachoka. Kila moja nimeipitisha hapa." Akajigusa shavu. "Hakuna hata moja inayochoma. Hebu shika."

Baba Pacha akashika. Alitoa ile kubwa, ya upana wa kiganja, akapitisha kidole gumba kwenye nywele zake. Zilikuwa laini kweli, laini za kumlaza mtoto. Akazivuta kidogo, kwa mazoea tu, jinsi fundi yeyote wa rangi anavyovuta nywele za brashi mpya kabla ya kuiamini. Zikabaki mkononi mwake. Tena si moja wala mbili, ni kishungi kizima. Akakifumbata haraka, akaupeleka mkono nyuma.

"Ahsante, mama," akasema. "Ni nzuri."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake katika nyumba ile tangu alipoposa: ndiyo mama, ahsante mama, ni nzuri mama. Huko kazini watu hawakumjua hivyo. Huko alikuwa mtu wa kumrudisha muuza rangi na makopo yake getini, mtu wa kumwambia seremala usoni kwamba mlango wake umepinda. Lakini akivuka kizingiti cha ukweni, akishasema shikamoo na kuitikiwa marahaba, ulimi unakuwa mzito. Alilelewa akiambiwa kwamba mkwe mwema hajibizani na mama wa mkewe, naye akalishika hilo kuliko alivyoshika mengine yote aliyofundishwa. Ameoa, amezaa pacha, pacha wamekua hadi wanaazima viatu vyake, na hajawahi kumwambia mama mkwe neno hapana. Hata chai yake, ambayo hutiwa sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka, anainywa yote na kusema tamu, mama. Naye, kwa kuwa imesifiwa, anaongezwa kikombe.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa mshonaji wa nguo za watoto, na mwenye jina katika kazi hiyo. Kitambaa hakikatwi mpaka kipite shavuni kwake. Akikisugua mara moja anakwambia kitamwasha mtoto au hakitamwasha, kitafifia au hakitafifia, na hakosei. Shavu lile lilikuwa limemlisha yeye na wanawe. Sasa amekwenda nalo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akachagua brashi za rangi kama anachagua flaneli, na nani wa kumwambia kwamba hapo shavu limeingia kazi isiyo yake?

Si Baba Pacha. Yeye alikuwa na sababu yake ya kufunga mdomo, na sababu hiyo ilikuwa imemkaa kooni muda mrefu.

Mara ya mwisho nyumba ile ilipopakwa, hakuipaka yeye. Alikuwa ameketi pale pale sebuleni, kikombe cha chai mkononi, mama mkwe alipomgeukia na kumuuliza, "Yule fundi wa ng'ambo ya barabara, baba pacha, unaonaje? Anafaa kunipakia nyumba?" Roho ilimruka. Lakini angesemaje? Ajitangaze mwenyewe mbele ya mkwewe kama muuza dawa sokoni? Akasema, "Anafaa, mama," akangoja swali la pili, kwa sababu swali la pili lilikuwa la lazima: na wewe je, si fundi? Swali la pili halikuja. Fundi wa ng'ambo alikuja, akapaka, rangi ikalia machozi kutoka juu ya milango hadi chini, na tangu siku hiyo kila Baba Pacha akija kusalimia huketi akitazama yale machozi yaliyokaukia pale, anakunywa sukari yake, anameza mate. Na kwenye mikusanyiko ya ukoo, mtu akiuliza mume wa binti anafanya kazi gani, mama mkwe alijibu, "Anapakapaka rangi." Hakusema anapaka. Anapakapaka, kama mtoto na tope.

Sasa hatimaye alikuwa ameitwa. Nyumba yote, ndani na nje. Na kitu kimoja tu ndicho Baba Pacha alikuwa anakitaka kutoka katika kazi hiyo: mama mkwe apitishe kiganja kwenye mlango wake wa mbele, ageuke, aseme kwamba mkwe wake ni fundi. Basi. Asingeomba la ziada.

Akaanza na mlango wa stoo, kule nyuma, ambako hata aibu ingejificha. Aliupiga msasa, akaufuta vumbi, akafungua kopo la rangi ya mafuta, akachovya ile brashi ya shavu.

Mpako wa kwanza tu, nywele tano zililala kwenye ubao. Akazitoa kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama. Akarudia kupaka juu ya alama. Brashi ikaacha nywele nyingine. Rangi ya mafuta haingoji mtu. Wakati anang'oa hizi, kule alikoanzia kumeshaanza kushika, na akirudi kulainisha anakuta panavuta. Tena brashi yenyewe ilikuwa haina nguvu. Ukiikandamiza inalala, ukiiachia haiamki. Akaifungua nywele katikati kwa vidole viwili, akachungulia. Kama alivyodhani: ndani mmejaa kipande cha mti, nywele zimepangwa pembeni tu kama uzio, katikati utupu. Brashi ya namna hiyo haibebi rangi. Unachovya, unafika mlangoni na nusu imeshadondokea kiatuni.

"Jamani!" akafoka peke yake. "Jamani, jamani, jamani!"

"Umesema?" Ndara za mama mkwe zilikuwa zimefika bila yeye kuzisikia. Alikuja na chai.

"Nimesema ahsante, mama."

"Zinateleza, eh?"

"Zinateleza, mama."

"Si nilikwambia? Shavu halidanganyi." Akaegemea fremu, ambayo kwa bahati ilikuwa bado haijapakwa, akamtazama kwa furaha ya mtu aliyetoa zawadi ikapokelewa. Ikambidi Baba Pacha apake mbele yake, nywele zinalala, yeye anazipaka juu kama hazioni, anajikaza kisabuni. Mama mkwe alipoondoka, fundi akakaa chini sakafuni akashika tama. Mlango wa stoo ulikuwa umeota manyoya.

Jioni alimweleza mkewe. Mama Pacha alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Mama, brashi zako mbovu?"

"Mwambie hazifai kwa rangi hii. Utakufa?"

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Mimi sishiki brashi. Nitajuaje kama hazifai? Atajua umenituma, halafu itakuwa ulimi wako umeutia mdomoni mwangu. Tena ameshawatangazia majirani wote kwamba kakuchagulia vifaa. Kila ninayekutana naye ananiambia, mama yako anampenda mkwe wake siku hizi."

Hilo ndilo lililommaliza. Angeweza kumvunja moyo mteja yeyote, lakini si mama mtu mzima aliyesimama dukani nusu siku kwa ajili yake, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanawe. Na angeweza kupaka vibaya mlango wa mtu yeyote, lakini si ule wa mbele. Akazunguka chumbani, akaketi, akasimama tena. Mwishowe akakata kauli ya kijinga: ataingiza brashi zake kwa siri.

Brashi za Baba Pacha zilikuwa chache na zilikuwa na historia. Kila baada ya kazi aliziosha, akazichana kwa kitana cha zamani, akazifunga kwa karatasi ngumu ili nywele zikauke zikiwa zimenyooka. Za rangi ya mafuta mbali, za rangi ya maji mbali, hakuwahi kuzichanganya. Ukiipitisha moja shavuni itakuchoma kweli, kwa sababu nywele zake ni kavu na zina uti, lakini ukiibonyeza mezani inarudi yenyewe, na ncha zake zimechanika vidogo vidogo kama unywele wa mwanadamu uliochoka, na hapo ndipo rangi inaposhikwa na kuachiwa bila michirizi. Hizo ndizo alizozilaza chini ya kikapu cha chakula, juu yake bakuli, juu ya bakuli tambara.

Hivyo ndivyo mtu mzima, baba wa watoto waliomfikia mabegani, alivyoanza kufanya kazi yake kwa wizi. Kuta hazikuwa na ugomvi, hizo alizipitishia rola. Ugomvi ulikuwa milango, fremu, madirisha na pembe zote za dari, kila mahali panapotaka brashi. Akisikia cherehani ya mama mkwe inanguruma chumbani, anatoa brashi yake na kupaka kwa roho yake yote. Cherehani ikinyamaza, moyo nao unasimama. Ndara zikianza kusugua sakafu, brashi yake inaingia kikapuni na ile ya shavu inachovywa kwenye kopo, kisha anaisogeza karibu na mlango bila kuugusa, akiitikisa hewani kama mtu anayemfukuza nzi. Mchana alilazimika hata kuzichafua zile zawadi kwa makusudi, kuzipaka rangi mpaka mpinini, ili zionekane zimefanya kazi. Halafu akazisafisha! Alikaa akiziosha brashi ambazo hazikupaka kitu, na alipokuwa anaziosha aliona uchungu hata wa kucheka. Mlango ule wa stoo aliurudia wote, akaukwangua na kuupaka upya, cherehani ikishona bila habari.

Mlango wa mbele aliuacha mwisho. Rangi ya kijani iliyokolea. Aliupa mkono wa kwanza, akaungoja, akaupiga msasa laini, akaupa mkono wa pili kwa mipako mirefu kutoka juu hadi chini, bila kunyanyua, bila kurudia, pumzi ameizuia. Ulipokauka ungeweza kujifungia kilemba ukiutazama kama kioo. Hapakuwa na chozi wala mchirizi. Baba Pacha alisimama kibarazani akajua kwamba hajawahi kupaka mlango mwingine kama huo, na hakuona ni majivuno kulijua hilo.

Mama mkwe akaja. Akauangalia mlango. Akanyoosha mkono wake wa mshonaji, akapitisha kiganja polepole kutoka kwenye kitasa kwenda juu, halafu chini, halafu akapitisha mgongo wa vidole, jinsi anavyopima hariri.

"Nilijua," akasema mama mkwe.

"Ndiyo, mama?"

"Nilijua zile brashi ni nzuri!" Akageuka, uso umechanua. "Jirani! Jirani, hebu njoo ushike huu mlango! Ndizo zile nilizokwambia, nilizochagua mwenyewe."

Jirani akaja, akashika, akaguna kwa kuridhika. "Kweli kifaa ni kifaa," akasema.

"Ukiwa na brashi kama hizi hata asiye fundi anapaka," mama mkwe akasema, na hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililochoma zaidi. Akamwita mwanawe wa kiume kwa simu hapo hapo.

Huyo shemeji alikuwa muuza simu mwenye kibanda stendi, na kila mtu alimwita Naweza, kwa kuwa hapakuwa na jambo lililotajwa mbele yake ambalo hakulijibu kwa neno hilo. Bomba limepasuka? Hiyo naweza. Mbwa ameng'ata waya? Naweza. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemwomba Baba Pacha ampakie mlango wa nyumba yake mpya. Sasa akafika, akashika mlango wa mama yake, akaipima mkononi brashi moja ya zawadi, safi, imeoshwa vizuri kabisa na Baba Pacha mwenyewe.

"Shem, usijisumbue," akasema. "Kwa hizi? Hii mbona naweza."

"Zichukue, baba," mama mkwe akasema. "Baba pacha ameshamaliza nazo. Si ndiyo, baba pacha?"

"Ndiyo, mama," akasema Baba Pacha.

Nyumbani Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Alitaka kuacha, akimwona mumewe alivyonuna, lakini kila akifumba mdomo anakumbuka brashi inatikiswa hewani, anaangua tena.

"Cheka," Baba Pacha akasema. "Cheka vizuri. Nimeupaka ule mlango kwa mkono huu, na sifa imekwenda kwa kipande cha mti na manyoya."

"Nenda kamwambie basi!"

"Nitakwenda."

"Nenda sasa hivi."

"Nimesema nitakwenda!" akafoka, na pacha wakachungulia mlangoni kuona baba amepatwa na nini. Hakwenda. Kesho yake pia hakwenda. Alikuwa kazini kwingine akimfokea fundi bomba asiye na kosa.

Kisha ukaja ujumbe kwamba mama anamwita, nyumbani kwa Naweza, aende upesi.

Alimkuta mama mkwe amesimama kibarazani, mikono kiunoni, na Naweza pembeni amejaa rangi hadi kwenye nyusi. Mlango ulikuwa katikati yao. Ulikuwa umeota ndevu. Nywele zilikuwa zimelala ndani ya rangi kila upande, nyingine zimesimama, na mahali Naweza alipojaribu kuzing'oa pamebaki mashimo. Chini rangi imelia hadi kizingitini. Naweza alikuwa ameshalaumu mbao, ameshalaumu jua, ameshamlaumu aliyetengeneza rangi. Alipomwona Baba Pacha akapata wa kumlaumu mwenye miguu.

"Huyu hapa! Muulize, mama. Aliziosha kwa kitu gani? Mimi najua, aliziloweka kwenye thina, thina ikala gundi. Brashi zilikuwa nzima, yeye kazitumia kisha kazimaliza kwa kuziosha vibaya!"

Mama mkwe akamgeukia. Hakuwa na hasira; alikuwa anauliza kweli. "Baba pacha. Uliziharibu?"

Kila kitu kilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Jibu lilikuwa neno moja, na ndilo neno asilowahi kulitamka mbele yake. Akautazama mlango, akamtazama shemeji mwenye nyusi za kijani, akafungua kinywa.

"Pengine, mama," akasema. "Nisamehe."

Alijisikia akisema hivyo, na angeweza kujipiga kofi.

"Haya, si neno," mama mkwe akasema. "Vitu huharibika. Twende dukani tukachague nyingine, umsaidie mwenzio kurekebisha."

Wakaongozana hadi dukani. Muuzaji wa duka la vifaa, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alipomwona mama mkwe anaingia alivuta pumzi ndefu na kusogeza kiti chake karibu, maana alijua atakihitaji. Brashi zilining'inia kwenye misumari nyuma ya kaunta. Mama mkwe hakuomba ushauri. Akanyoosha kidole, zikashushwa, akaanza. Moja shavuni: hapana. Ya pili: hapana, inachoma. Ya tatu akaisugua polepole, akafumba macho, akatabasamu.

"Hii," akasema. "Hii ni ndugu ya zile. Hata wewe, baba pacha, shika uone." Akamnyooshea.

Baba Pacha akaipokea. Kidole gumba kikapita chenyewe, vidole vikavuta vyenyewe, na kile kishungi kikabaki mkononi kama siku ile. Na kama siku ile mkono ulianza kwenda nyuma. Haukufika.

"Hapana, mama."

Muuzaji akanyanyua kichwa. Mama mkwe akabaki mkono umenyooka.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, na ilipokwisha kutoka maneno mengine yakaifuata. Akafungua kiganja, akamwonyesha nywele. "Hizi zimetoka kwa kuvutwa tu, mama, rangi hata haijagusa. Na tazama ndani." Akaitanua katikati. "Mti mtupu. Hii haibebi rangi, inaimwaga." Akachukua ile ya pili, ile iliyokataliwa, akaivuta, haikutoa kitu, akaibonyeza kaunta, ikarudi. "Hii ndiyo brashi."

"Hiyo inachoma," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uhakika.

"Inachoma shavu. Mlango hauna shavu, mama. Kwa kitambaa sitakuambia kitu, huko mimi ni mwanafunzi wako. Lakini hapa..." Akakwama, kisha akaendelea kwa sababu wakati wa kurudi nyuma ulikuwa umeshapita. "Na ule mlango wako wa mbele sikuupaka kwa zile. Zilikuwa zinanyonyoka tangu siku ya kwanza. Nilikuja na zangu. Nilizificha kwenye kikapu cha chakula."

Muuzaji, ambaye alikuwa na adabu zake, alijifanya anahesabu misumari.

Mama mkwe aliirudisha brashi ya shavu juu ya kaunta, taratibu, akailaza sawa. Midomo yake ilikuwa imebana.

"Kwa hiyo zawadi yangu haikufaa."

"Haikufaa, mama."

"Nawe uliniambia ni nzuri."

"Ndiyo, mama."

"Ukaziosha."

"Ndiyo, mama."

"Na leo, pale kwa huyu mtoto, nilipokuuliza uliziharibu, ukasema pengine."

Baba Pacha akainamisha kichwa.

"Na chai yangu?" akauliza mama mkwe. "Unayosema ni tamu kila siku?"

"Chai ni tamu, mama."

"Nitajuaje sasa?" Akamkazia macho, na macho yale yalikuwa na maji. "Hebu niambie nitajuaje. Mimi nakuuliza, wewe unaniitikia. Nakuuliza tena, unaniitikia. Nyumba yangu ilipotaka rangi, ulikuwa umekaa mbele yangu, umeshika kikombe. Nikakuuliza yule fundi wa ng'ambo anafaa? Nilikuwa nangoja useme, mama, yule hafai, nyumba hii niachie mimi. Nilikuuliza ili useme hivyo. Ukasema anafaa. Nikajiambia, haya, mwenye kazi yake mwenyewe amenielekeza kwa mwingine, basi kazi yenyewe hana, anapakapaka tu. Ningekupa vipi nyumba ambayo wewe hukuitaka?"

Baba Pacha alisimama na brashi mkononi. Swali la pili. Miaka yote alikuwa amelingojea swali la pili, na kumbe lilikuwa ndani ya lile la kwanza, na yeye ndiye aliyelirudisha kwa heshima zake. Yale machozi ya rangi aliyoyatazama kila alipokuja kusalimia, aliyaagiza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nilidhani ndiyo heshima, mama," akasema.

"Heshima!" Mama mkwe akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Umenifanya niwasifie majirani manyoya."

Akamgeukia muuzaji, akachukua ile brashi iliyochoma, akaivuta mwenyewe nywele zake kwa nguvu, mara mbili, akatazama vidole vyake. Havikuwa na kitu. Akaitanua katikati akachungulia, macho ameyakaza kama anatafuta mshono. Hakuipitisha shavuni.

"Tufungie hii," akasema. "Na nyingine atakazosema fundi."

Walirudi kwa Naweza wakakwangua ule mlango mpaka mbao, shemeji akishika msasa bila kusema kwamba anaweza. Mlango ulipopata mkono wa kwanza, mama mkwe alitoka jikoni na sinia. Alimpa Baba Pacha kikombe, akasimama mbele yake, hakuondoka. Baba Pacha akanywa. Ilikuwa ile ile, kijiko kingesimama chenyewe.

"Ikoje?" akauliza mama mkwe.

Naweza aliinua kichwa. Baba Pacha akakishusha kikombe, akavuta pumzi.

"Sukari imezidi, mama," akasema. "Imezidi sana."

Mama mkwe akakichukua kikombe mkononi mwake, akarudi nacho jikoni kuipunguza.